Programu ya ratiba iliyogoma kunisaidia kudanganya

Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka 11, na miaka 10 kati ya hiyo ratiba ya shule nimeipanga kwa mkono: karatasi mbili za manila zilizogundishwa pamoja, rula ndefu, kalamu za rangi na penseli. Likizo zangu ziliishia hapo. Manila ya mwisho bado ninayo, imeviringishwa nyuma ya kabati la ofisi. Ukiitandaza utaona Alhamisi, kipindi cha sita, safu ya Kidato cha 3B, karatasi imetoboka. Nilifuta nikaandika, nikafuta nikaandika, hadi kifutio kikatokea upande wa pili. Nikabandika selotepu, na juu ya selotepu nikaandika KJS.

KJS ni kujisomea. Kila mwalimu wa taaluma aliyewahi kupungukiwa na walimu anaijua, kwa jina hili au jingine. Unaandika KJS, unaandika "Maktaba" wakati mkutubi mwenyewe hayupo, unaandika "Michezo" saa tatu asubuhi. Kuna na ile nyingine ya kuandika herufi za mwalimu mmoja katika madarasa mawili kwa saa ileile, ukiamini kwamba atakimbia huku na huku. Ukimaliza, ratiba inapendeza. Haina chumba kitupu hata kimoja. Mkaguzi anaiangalia, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka.

Basi mwaka huu nimehamia kwenye programu ya kompyuta, na baada ya mihula miwili naona nimepata haki ya kuisema. Jina lake silitaji, kwa sababu kuna mahali nitailalamikia na sitaki ugomvi. Wanaozitumia hizi programu watajua zinavyofanana.

Kwanza yale ya kawaida. Inakaa kwenye kompyuta yenyewe, haihitaji intaneti kupanga ratiba, na laptopu yangu kuukuu imeiweza bila kuzimika. Kuingiza taarifa kulinichukua siku mbili: madarasa, masomo, walimu, vyumba, nani anafundisha nini na mara ngapi kwa wiki. Mwalimu anayegawanywa kati yetu na shule jirani unamwekea siku asizokuwepo, na programu inaheshimu kabisa, haimgusi. Maabara tunayo moja. Ukiiambia hivyo, hutakuta Kemia na Baiolojia zikigongana mlangoni. Vipindi viwili mfululizo vya majaribio inavipanga bila kuvikata na mapumziko katikati, jambo ambalo kwa mkono lilikuwa likinitoa jasho. Kwa haya tu ingestahili kusifiwa. Kiswahili haina, na majina ya walimu inayakata herufi tatu tatu, kwa hiyo tuna MWA wawili na ilibidi mmoja nimwite MWK, hakufurahi.

Sasa niseme kilichotokea nilipobonyeza kitufe cha kupanga.

Shule yetu ina vidato vinne, kila kidato mikondo mitatu. Madarasa 12. Wiki ina vipindi 40. Zidisha: vipindi 480 vinavyotaka mtu mbele ya ubao kila wiki. Walimu tulikuwa 22, tukabaki 16. Wengine walihama, mmoja alistaafu, mmoja alipata kazi benki na hakuna aliyemlaumu. Hisabati tulikuwa na walimu wawili, akabaki mmoja. Fizikia tuna mmoja.

Nilibonyeza saa moja jioni. Programu hizi zinavyofanya kazi ni kwamba zinaanza na vipindi vigumu, vile vyenye mwalimu mmoja au chumba kimoja, zinavipanga, kisha vinavyofuata; zikikwama, zinang'oa vilivyopangwa na kujaribu upya. Kwenye kioo unaona namba ikipanda: 300, 380, 431. Halafu inashuka. Halafu inapanda tena. Nikaiacha ikihangaika, nikaenda kulala. Alfajiri niliikuta kwenye 452 kati ya 480. Nikaoga, nikarudi: 451. Nikavaa: 452. Haikuvuka hapo.

Nilidhani nimekosea kuingiza taarifa. Niliirudia kazi yote asubuhi ile, nikiwa nimeshakasirika. 452.

Ndipo nikachukua karatasi, kwa aibu kidogo, maana mimi mwenyewe somo langu la pili ni Hisabati ingawa sijalifundisha siku nyingi. Hisabati ni vipindi sita kwa kila darasa, madarasa 12, jumla 72. Fizikia ni vitatu kwa kila darasa, jumla 36. Pamoja ni 108. Wanaoweza kuvifundisha ni wawili, na mtu mmoja hata ukimfunga kamba kwenye ubao ana nafasi 40 tu kwa wiki. Wawili, 80. Toa 80 katika 108. Zinabaki 28. Na 452 ukijumlisha 28 ni 480.

Usiku kucha mashine ilikuwa ikinionyesha jibu sahihi, mimi nikidhani imekwama.

Nitoke nje ya mada kidogo. Wanahisabati wameshughulika sana na ratiba za shule. Mwaka 1976 Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir (huyohuyo ambaye herufi ya jina lake imo kwenye RSA, ile njia ya kuficha ujumbe wa siri kwenye kompyuta) walichapisha uthibitisho kwamba tatizo la ratiba limo katika kundi la matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kila mara. Kwa hiyo ukimwona mwalimu wa taaluma ananong'ona peke yake, msamehe. Lakini kabla yao, mwaka 1935, Mwingereza Philip Hall alitoa kanuni nyingine nyepesi zaidi ya kulinganisha watu na nafasi, na ukiileta shuleni inasema hivi: chukua kundi lolote la kazi, kama wanaoweza kuzifanya hawatoshi kwa kundi hilo, hakuna upangaji utakaokuokoa. Kupanga ndiko kugumu. Kujua kwamba hawatoshi ni kutoa tu, hesabu ya darasa la tatu.

Na hapa ndipo nilipojiona nilivyokuwa nikifanya kwa miaka 10. Ile 28 ilikuwepo kila mwaka, labda ikiwa 9, labda 14. Mimi ndiye niliyekuwa nikiimeza kwa penseli.

Wastani nao ulikuwa unanisaidia. Gawa 480 kwa walimu 16, unapata 30 kila mmoja. Ukipeleka namba hiyo ofisini watakuuliza unalilia nini, vipindi 30 ni mzigo wa kawaida. Ni kweli. Ila mwalimu wetu wa Historia ana vipindi 18 na wa Hisabati nilikuwa nimempangia 60, na huwezi kumkamua mmoja umimine kwa mwenzake. Programu ina ukurasa unaoonyesha kila mwalimu na mstari wake: wa Historia kijani kifupi, wa Fizikia mwekundu 48/40, wa Hisabati mwekundu 60/40, mstari umepita mpaka wa kisanduku na kutoka nje ya ukurasa. Niliuchapisha ukurasa ule nikampelekea Mkuu.

"Mwalimu, hii mashine yako imegoma," akasema.

"Haijagoma, Mkuu. Hii ndiyo hali."

Aliniambia niongeze vipindi vya KJS iishe. Nilimwambia programu inataka kila kipindi kiwe na mwalimu. Ukiandika KJS inakuuliza nani anasimamia. Alicheka, halafu hakucheka.

Mkuu wetu ni msomaji, na ana tabia ya kukufariji kwa takwimu. Akanitolea zile za UNESCO: kwamba ili watoto wote wapate elimu ya msingi na sekondari ifikapo 2030, dunia inahitaji walimu wapya milioni 44, milioni 15 kati yao Afrika kusini mwa Sahara; kwamba mwaka 2016 makadirio yalikuwa milioni 69, kwa hiyo tunasogea; kwamba walimu wa msingi wanaoacha kazi walikuwa asilimia 4.6 mwaka 2015, na kufikia 2022 wamepita asilimia 9. Hata nchi tajiri zinahaha, Mwalimu. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba dunia inahitaji milioni 44, mimi nahitaji wawili.

Tukajaribu kwanza kuunganisha mikondo. Programu inaruhusu kirahisi sana: unachagua 2A na 2B, unabonyeza, Hisabati yao inakuwa somo moja, umeokoa vipindi sita. Nilipobonyeza ilinitolea onyo la njano: wanafunzi 104, chumba cha watu 60. Onyo la njano unaweza kulipita, na tukalipita. Wiki mbili. Vijana walikaa madirishani, wengine wakisimama na daftari ukutani wakiandikia hapo. Mwalimu wa Hisabati, mama mmoja mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alikuja ofisini Ijumaa ya pili akiongea kwa ishara. Sauti ilikuwa imekwisha. Aliandika kwenye karatasi: "Naomba utenganishe." Kutenganisha nako ni kubonyeza mara moja, na programu ikarudisha kila kitu kilivyokuwa bila kuvuruga madarasa mengine. Hilo nalipa alama zote.

(Kuna Pendekezo la UNESCO na ILO, Shirika la Kazi Duniani, kuhusu hadhi ya walimu, lile la tarehe 5 Oktoba 1966 linalotupa Siku ya Walimu Duniani. Lina sehemu nzima juu ya upungufu wa walimu, na linasema wazi kuwa madarasa yaliyojaa kupita kiasi na kuwaongezea walimu saa bila kiasi ni njia zinazopingana na malengo ya elimu, na mamlaka zichukue hatua za haraka kuziondoa. Tangu 1966. Onyo la njano.)

Baada ya hapo Mkuu alikubali jambo moja ambalo namshukuru: hakuna mwalimu atakayepita vipindi 30. Maana mtu anayefundisha 40 kati ya 40 anasahihisha lini? Mwalimu wa Hisabati mwenye madarasa sita ana daftari zaidi ya 300. Mpe dakika mbili kwa daftari, ni zaidi ya saa 10, kwa zoezi moja. Kwa hiyo wawili wetu wana 60, na pengo likakua: 108 toa 60, vipindi 48.

Sasa, programu ina kipengele cha kuongeza mwalimu asiyekuwepo. Wamekiweka kwa ajili ya shule inayopanga kuajiri, ione ratiba itakavyokuwa. Niliongeza wawili, vipindi 24 kila mmoja. Ilitaka majina. Nilikuwa nimechoka, nikaandika Hajaja wa Kwanza na Hajaja wa Pili.

Dakika nne. Ratiba nzima, 480 kati ya 480, kijani kuanzia juu hadi chini.

Tulibishana namna ya kuwagawa akina Hajaja. Mkuu alitaka vipindi vyao vyote viangukie Kidato cha 1 na cha 2, kama tulivyozoea, ili wa mtihani wasiguswe. Mimi nilisema hao wa Kidato cha 1 ndio watakaokuwa wa mtihani kesho, na tutawakuta hawajui sehemu wala desimali, tutaanza kuwalaumu. Programu ina kanuni ya kusambaza kwa usawa, ingewapa madarasa yote vinne vinne. Tulimalizia katikati: Kidato cha 4 kipindi kimoja kimoja, madarasa mengine tisa vitano vitano. Sijaridhika mpaka leo, ila angalau mara hii tulijua tunagawa nini. Kwa manila ningekigawa bila kumwambia mtu.

Nikachapisha nikabandika. Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba sikubadilisha majina.

Wanafunzi walikuwa wa kwanza. Siku ya pili kijana wa Kidato cha 2 alinisimamisha kwenye korido, akanisalimu shikamoo, akauliza, "Mwalimu, huyu Mwalimu Hajaja anafundisha Hisabati au Fizikia? Kwetu kaandikwa zote." Nikamwambia zote. Akasema, "Lazima ana akili sana."

Halafu kikao cha wazazi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alisimama na kusema anaomba kumfahamu Mwalimu Hajaja, maana mwanawe anamtaja kila wiki na daftari halina kitu. Kuna waliocheka. Mkuu aliniangalia. Nikasimama nikaeleza: vipindi 108, walimu wawili, 60, 48. Niliwapitishia ratiba za madarasa ya watoto wao. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliiweka ya 3B mapajani, akaanza kuhesabu akipitisha ukucha kisanduku hadi kisanduku, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo. "Vitano," akamwambia jirani yake. "Kila wiki?" jirani akauliza. Akaniangalia mimi. Nikasema kila wiki.

Nimehudhuria vikao vingi vya wazazi nikizungumzia upungufu wa walimu. Nimetumia maneno hayohayo, "changamoto ya upungufu wa walimu", hadi yamekosa ladha. Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Niseme sasa mabaya, maana yapo.

La kwanza ni lile la usiku mzima. Programu inao ukaguzi wa kuangalia kabla ya kuanza kama mzigo wa mwalimu umezidi nafasi zake. Ungeniambia kwa sekunde moja nilichokigundua alfajiri. Lakini wameuficha ndani ya menyu ya tatu na unakuja ukiwa umezimwa. Ukinunua, uwashe siku hiyohiyo.

La pili ni sehemu ya kujaza nafasi za siku. Asubuhi unaweka nani hayupo, yenyewe inatafuta mwenye nafasi na kumtumia ujumbe kwenye simu: kipindi cha 3, Kidato cha 2C, Hisabati. Inaonekana nzuri. Ila ukiiacha ijiamulie inamchagua mwenye vipindi vichache, kila siku, yuleyule. Kwetu ni mwalimu wa Historia. Alivumilia wiki tatu, akaja na simu mkononi akaiweka mezani kwangu. "Mwalimu, hiki kitu kimenigeuza mlinzi. Juzi nimekaa na watoto wa Hisabati vipindi vinne. Wananiuliza swali, nawaambia ngojeni mwalimu wenu." Kuna mahali pa kuweka kikomo, nimeweka vitatu kwa wiki kwa kila mtu, na vikiisha darasa linabaki wazi na linaandikwa wazi. Lakini kinachoniudhi zaidi ni rangi. Mwalimu wa Historia akikaa mbele ya darasa la Hisabati, kisanduku kinageuka kijani: limejazwa. Ripoti ya mwezi inasema tumejaza asilimia 96 ya mapengo. Watoto wamekaa kimya asilimia 96, hicho ndicho tulichofanya. Waongeze rangi nyingine. Waiite wanavyotaka, lakini kulinda darasa na kulifundisha visipewe rangi moja.

La tatu ndilo lililonifanya nisiwape nyota ya tano, na ndilo la kuchekesha kama halijakutokea wewe.

Ukichapisha ratiba nzima, ukurasa wa mwisho ni muhtasari: idadi ya madarasa, ya vyumba, ya vipindi, ya walimu. Sikuusoma. Nani anausoma ukurasa wa mwisho? Tukaambatanisha ratiba na barua ya kuiomba ofisi ya elimu walimu wawili, mmoja wa Hisabati na mmoja wa Fizikia na Hisabati, tukapeleka. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, barua ya aya mbili. Walitupongeza. Takwimu zetu zilikuwa zinaonyesha kwamba tumetoka walimu 16 kwenda 18, ongezeko la wawili, na kwa kuzingatia shule nyingine zenye uhitaji mkubwa zaidi, ombi letu lingesubiri.

Programu iliwahesabu akina Hajaja.

Nilisoma barua ile nimesimama. Mkuu aliisoma amekaa. Baada ya muda akasema, "Angalau wamepata kazi ya kudumu."

Niliwaandikia watengenezaji siku hiyohiyo, kwa hasira nisiyoizoea. Walijibu baada ya siku mbili, kwa adabu, na nawapongeza kwa hilo kwa sababu programu nyingine niliyowahi kujaribu haikunijibu hadi leo. Walisema mwalimu asiye halisi ni chombo cha kupangia, hakikusudiwi kubaki kwenye ratiba inayobandikwa ukutani. Niliwajibu kwamba shuleni kwetu yeye ndiye mwenye kubaki, wanaoondoka ni wale halisi. Toleo lililofuata lilikuja na kisanduku kidogo cha kuweka tiki: "usimhesabu katika muhtasari". Nikafurahi, hadi nilipoona kwamba tiki hiyo unaiweka wewe mwenyewe, mwalimu mmoja mmoja, na usipoiweka anahesabiwa. Yaani bado mtu ambaye hayupo anahesabiwa kuwa yupo mpaka uthibitishe vinginevyo. Nimewaandikia tena. Hawajajibu.

Kurekebisha kule ofisini kulichukua karibu muhula mzima: barua ya maelezo, orodha ya majina yenye saini za walimu wote 16, na safari mbili za Mkuu. Afisa mmoja alimwuliza kwa dhati kabisa kama hao wawili wameacha kazi. Muhula huu tumeletewa mwalimu mmoja wa mkataba, kijana wa Hisabati, anashika vipindi 28. Kumwingiza kulikuwa rahisi: unafungua jina la Hajaja wa Kwanza, unaandika jina lake juu yake, vipindi 24 vyote vinahamia kwake bila kisanduku kuguswa, kisha unamwongezea vinne vya Hajaja wa Pili. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Hajaja wa Pili amebaki na 20.

Swali mnaloniuliza sana kwenye simu ni kama shule ndogo inaihitaji. Kama una madarasa manne na walimu wanatosha, baki na manila yako, ni nafuu na haina menyu ya tatu. Kama una mikondo mingi, maabara moja na walimu wa kugawana, inunue. Kama una upungufu na hutaki uonekane, usiinunue kabisa, itakusumbua. Haina mahali pa kuandika KJS.

Ukishainunua: washa ukaguzi wa mzigo kabla ya kubonyeza kupanga. Weka kikomo cha vipindi vya kujaza. Majina ya walimu wasiokuwepo chagua utakayoweza kuyaeleza mbele ya wazazi, maana utayaeleza. Na kabla hujaambatanisha chochote na barua yoyote, soma ukurasa wa mwisho.

Nyota nne. Ya tano ipo, naishikilia hadi watakapobadilisha ile tiki.